Inua Kiti Kwanza: Mwongozo wa Kubadili Pampu ya Mafuta Bila Kushusha Tangi

Gari langu lilichagua feri. Lingeweza kufia nyumbani chini ya mwarobaini, au kwenye foleni ya Makupa ambako hakuna anayekwenda popote, lakini lilingoja tuvuke Likoni, mlango wa feri ulale juu ya zege na magari ya nyuma yawashe. Nikageuza ufunguo. Stata ikazunguka kwa nguvu zote, betri nzima, taa za dashibodi zote zinawaka, injini kimya. Nikageuza tena. Waliokuwa wakishuka kwa miguu wakaelewa kabla yangu. Vijana wanne na mama mmoja mwenye kikapu cha samaki kichwani wakalisukuma mpaka nchi kavu, mama akisukuma kwa mkono mmoja na wa pili ukishika kikapu. Ni yeye peke yake aliyeuliza kitu: "Mafuta unayo, mwanangu?"

Mafuta nilikuwa nayo. Aliyekosekana ni wa kuyapeleka injini. Fundi wa kwanza kuliangalia alisema tangi lazima lishuke: eksozi itolewe, mikanda ya tangi ifunguliwe, gari lilale gereji, na malipo ya kazi yakawa maradufu ya bei ya pampu yenyewe. Jioni nikapita kwa jirani yangu, mzee aliyestaafu ufundi wa mitambo bandarini.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umeteremshwa feri kama jeneza."

Nikamweleza habari ya tangi na eksozi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Kiti umeinua?"

Mwongozo huu wote umo katika swali hilo. Gari langu ni Corolla ya aina ambayo Kenya nzima huiita NZE, ya kizazi kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 2000, injini ya lita 1.5. Tangi lake la lita 50 limelala chini ya abiria wa nyuma, na juu ya tangi, kwenye bati la sakafu, waliolichora wameacha tundu lenye kifuniko. Walijua pampu itakufa siku moja, kwa hiyo wakaiachia mlango. Mwenye gari anastahili kujua mlango huo uko wapi, hata kama hatashika spana maishani mwake. Ajue tu, ili siku akiambiwa tangi linashuka aweze kuuliza alichoniuliza ami.

Tuanze basi, na tuanze kwa kuhakikisha kwamba aliyekufa ndiye tunayekwenda kumzika.

Pampu nzima huvuma. Ni mvumo mdogo, kama nyuki aliyefungiwa mtungini, na umeusikia miaka yote bila kuujali. Mwombe mtu apige stata, wewe laza sikio kwenye kiti cha nyuma. Ukisikia mvumo, kiti kiache kwanza, tafuta kwingine. Kukiwa kimya, fungua kisanduku cha fyuzi, tazama ile iliyoandikwa EFI, kisha ibadilishe rilei ya pampu na nyingine ya aina ileile. Baadaye, ukishafika kwenye plagi ya pampu, pima umeme wakati stata inazunguka. Umeme ukifika, waya wa ethi ukiwa mzima, na pampu bado imenyamaza, hapo una haki ya kusema imekufa. Umeme usipofika, pampu haina kosa lolote.

Lipo jambo hapa ambalo limewagharimu watu wengi. Kompyuta ya gari hairuhusu pampu iendelee kuzunguka mpaka ione kwamba injini inageuka. Ni ulinzi, na ulinzi mzuri: gari likipata ajali injini ikazimika, petroli isiendelee kusukumwa kwenye mpira uliokatika. Lakini maana yake ni kwamba sensa ya kranki ikifa, pampu nayo hunyamaza ikiwa nzima kabisa, na mtu anaweza kununua pampu ya pili kabla hajaishuku sensa.

Ami ana kipimo chake cha mwisho. Alijilaza chini ya gari akalipiga tangi kwa nyundo ya mpira, mapigo matatu ya adabu, huku mimi nikipiga stata. Injini ikawaka. Ikaenda kama dakika mbili, ikakata. Mota ambayo brashi zake zimelika huweza kushtuliwa hivyo ikagusa umeme kwa muda. Nyundo haijaiponya. Imetoa ushahidi tu, na baada ya ushahidi huo hatukuwa na la kubishania.

Sasa petroli, na hapa sitakwenda haraka.

Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mombasa, mchana wa nyuzi 30 na zaidi, tangi lililofunguliwa hutoa mvuke bila kupumzika. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Haupandi mawinguni. Unashuka kwenye sakafu ya gari, unamwagika mlangoni, unatambaa ardhini na kufuata mteremko mpaka ukute kinachouwasha. Na hauhitaji kuwa mwingi: asilimia moja na nusu hivi ndani ya hewa inatosha. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo, na moto uliozuka uliwaua zaidi ya watu 100 waliokuwa wamelizunguka. Petroli ya tangi lako ni ileile, ni kipimo tu kilichopungua.

Kwa hiyo fanya kazi nje, kivulini, milango yote minne wazi na buti limeinuliwa. Usifanyie ndani ya gereji iliyofungwa. Usifanyie juu ya mteremko unaoishia jikoni kwa mtu. Zungukia majirani uone nani ana jiko la makaa, nani anawasha jenereta, nani anachomelea geti. Mtungi wa kuzimia moto, ule ambao askari wa barabarani hukuuliza, uwe nje ya gari, mahali mkono unapofika, na ndoo ya mchanga kando yake. Kama unahitaji mwanga, tumia tochi iliyofungwa vizuri. Balbu ya waya ikidondoka na kupasuka ndani ya mvuke ni kiberiti. Vaa pamba, uache nailoni, na kila unapoingia garini gusa kwanza bodi la chuma kwa kiganja, umeme wa nguo uishie hapo.

Halafu watakuja washauri. Fungua boneti Mombasa na ukuta wenyewe utazaa watu watano. Usiwafukuze, wape kazi. Mmoja ashike mtungi wa moto na asiuache. Wa pili azuie wavuta sigara, na apewe mamlaka kamili. Wa tatu akae na kopo la bolti, azihesabu zikitoka na azihesabu zikirudi. Nimeona kwamba mtu aliyekabidhiwa kopo la bolti huacha kabisa kushauri. Anayehitaji busara zaidi ni muuza kahawa, maana dele lake linatembea na makaa ya moto chini yake. Usimpigie kelele. Mwendee wewe, kahawa muinywe kule barabarani, umlipe, umuage kwa heri, kisha urudi.

Mafuta yawe machache tangini. Robo au chini ya robo ni vizuri. Tangi likijaa, petroli huwa karibu na tundu na itakumwagikia mikononi.

Kisha ondoa presha. Ndani ya mpira unaokwenda injini, petroli ya gari hili hukaa kwenye kilopaskali 304 hadi 343, yaani paundi 44 hadi 50, na tairi lako lina 30 na kitu. Ukichomoa mpira huo bila kuupunguzia, petroli itakurukia machoni. Kama pampu bado inaamka kwa nyundo, chomoa rilei yake injini ikiwa inaunguruma, uiache iimalize petroli ya mpirani mpaka izime yenyewe, halafu piga stata mara moja au mbili. Kama imekufa kabisa, presha nyingi imeshashuka, lakini usiiamini. Utauzungushia mpira kitambaa utakapouchomoa. Kisha toa waya wa hasi wa betri, uuweke mbali na chuma chake. Usiruke hatua hii kwa kuwa umeme wa pampu umeshautoa. Gari lina swichi za taa za milango, na milango umeifungua yote.

Sasa ndiyo tunainua kiti.

Kwenye NZE ni kazi ya mikono mitupu. Shika ukingo wa mbele wa mto wa kiti, upande mmoja, vuta juu kwa mkupuo mpaka klipu iachie. Fanya vivyo hivyo upande wa pili, halafu usukume nyuma kidogo na kuutoa. Utakutana na historia ya familia: sarafu, kalamu, punje za njugu, kifungo cha sare ya shule, mchanga wa Diani wa Idi iliyopita. Vitoe vyote na upige brashi. Sisemi kwa ajili ya usafi wa macho. Kila punje iliyo pale inakaribia kuwa jirani wa tundu lililo wazi.

Chini ya zulia utaona kifuniko cha bati. Kwenye magari mengine hushikwa kwa skrubu. Nissan nyingi zina vishikizo vya plastiki vya kuzungusha robo. Kwenye Corolla hii kimebandikwa kwa gundi nyeusi laini inayonata kama ubani uliotafunwa. Penyeza bisibisi butu pembeni, inua polepole kuzunguka, joto letu la pwani litakusaidia. Gundi usiitupe. Ikusanye, ifinyange, itarudi kazini.

Gari lako likiwa na magurudumu manne yanayovuta, jiandae kuona vifuniko viwili. Mengi ya magari hayo tangi lake limekaa kama tandiko juu ya shafti, lina matumbo mawili, pampu iko upande mmoja na kipimo cha mafuta cha pili upande mwingine. Fungua ule wenye plagi ya waya nyingi na mpira wa kwenda injini.

Na kama hakuna kifuniko kabisa? Wapo watakaokuambia ukitengeneze: kata sakafu kwa msumeno wa umeme, upate dirisha, ulizibe baadaye kwa bati. Nimeliona gari lililofanyiwa hivyo na nilishindwa kulala. Chini ya sakafu hiyo, vidole vichache tu, kuna tangi na mipira na nyaya, na msumeno huo unatema cheche. Gari lisilo na mlango, tangi lake lishushwe, na fundi alipwe jasho lake. Pikapu nyingi zina njia yao ya kati: hufunguliwa bolti za kontena la nyuma, watu wanne wakaliinua upande, na pampu ikaonekana juani bila kumwaga tone. Njia rahisi ni ile iliyoachwa na wachoraji. Ya kubuni kwa msumeno mimi sitakuelekeza.

Kifuniko kikitoka, hutaona pampu. Utaona vumbi. Miaka 15 ya vumbi la barabara lililopanda kutoka chini na kukaa juu ya tangi kama mkate wa sinia. Hapa ndipo watu wengi huharibu, kwa kuwa wana hamu. Lifute kwa brashi, kisha kitambaa chenye unyevu, kisha kitambaa kikavu, kona zote na vichwa vya bolti, mpaka uweze kuweka tende hapo ukaila. Ami alinirudisha mara tatu. "Unataka kumpa mgonjwa figo mpya na kumlisha mchanga?" aliniuliza, na mara ya nne akakubali.

Chomoa plagi kwa kubonya ulimi wake, usivute waya. Kama hujapima umeme, pima sasa, tangi likiwa bado limefungwa: rudisha waya wa betri kwa muda, kisha uutoe tena. Mpira wa mafuta una kiungio cha plastiki ambacho umri umekikausha, kwa hiyo koleo likae mbali. Zungusha kitambaa, sukuma kiungio ndani kwanza kana kwamba unakikaza, fungua klipu yake, ndipo uvute. Kikigoma, kisukume na kukizungusha kidogo kidogo mpaka vumbi liachie. Kikivunjika, utapoteza siku nzima kutafuta mpira mwingine.

Pampu imeshikwa na pete ya chuma yenye bolti ndogo 8. Zilegeze kwa kukingamana, moja hapa na inayofuata ng'ambo yake, kila moja kidogo, ndipo uzitoe na kumkabidhi mwenye kopo. Gari lako likiwa na pete kubwa ya plastiki ya kuzungusha, tumia kipande cha mbao na nyundo ya mpira. Patasi ya chuma na nyundo ya chuma juu ya tangi wazi hapana. Weka alama ya kalamu kuonyesha pampu ilikuwa imeelekea wapi, kisha iinue.

Haitatoka wima. Ina mkono mwembamba wenye boya mwishoni, ule unaoisomea dashibodi kiasi cha mafuta, na ukivuta kwa nguvu utaupinda, kisha gari litakudanganya kuhusu mafuta kila siku. Inua, inamisha, zungusha, kama unavyomtoa pweza pangoni bila kumkata miguu. Iache imalizie matone juu ya tundu, iweke kwenye karai, na papo hapo funika tundu kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi.

Sasa kunja miguu utulie, maana wauzaji wa spea hupenda kukuuzia mzigo wote, na ulichoshika si pampu tu. Ni chombo cha plastiki chenye wakazi kadhaa: filta, kirekebishi cha presha, boya la kipimo, na katikati yao mota ndogo ya urefu wa kidole, ambayo ndiyo pampu. Mara nyingi iliyokufa ni mota peke yake. Unaweza kununua mota hiyo, chujio lake la chini na mpira wa duara wa kuzibia, ukaokoa vingine vyote. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, ukiwa umeikausha. Linganisha urefu, unene, mdomo wa kutolea mafuta na plagi. Muulize muuzaji presha yake, maana mota za magari ya kabureta hazifikii hata robo ya ile ya injekta. Na ya mtumba usinunue. Nanunua milango ya mtumba, taa za mtumba, hata injini, lakini kitu kinachozeeka ndani ya petroli, ambacho ukitaka kukibadili tena lazima ufungue tangi tena, nakitaka kipya.

Fungua chombo kwa kubonya ndimi zake moja moja. Kumbuka kila mpira mdogo ulikuwa wapi. Ami alipiga picha kwa simu kila hatua, akiwa amekaa mbali upande wa upepo. Mota mpya iingie na chujio jipya. Kumvalisha mgeni soksi ya marehemu ni kumwambukiza maradhi yake. Nyaya zirudi kama zilivyokuwa, chanya kwa chanya. Usiijaribu mota mezani kwa waya za betri: ni chombo kinachopozwa na kulainishwa na petroli inayopita ndani yake, na kuiendesha kavu ni kuiumiza, mbali na cheche utakazozitoa karibu na karai lenye mafuta. Ndiyo maana kuendesha kila siku huku taa ya mafuta inawaka huifupishia maisha; ile robo ya tangi unayoiogopea gharama ndiyo maji ya samaki huyu.

Mpira wa duara uwe mpya, uupake petroli kidogo uteleze. Silikoni ya bomba la maji isikaribie hapa; petroli huilainisha ikamong'onyoka, na vipande vyake huishia kwenye chujio ulilolinunua leo. Rudisha chombo kwa njia ileile ya pweza, alama kwa alama. Bolti zote 8 zianze kwa vidole, ndipo zikazwe kwa kukingamana, mkono mwepesi. Mpira wa mafuta usukume mpaka usikie mlio wa klipu, kisha uuvute kuhakikisha haurudi.

Usifunike. Kitambaa, kifuniko, zulia na kiti vyote vingoje. Rudisha waya wa betri, geuza ufunguo, piga stata sekunde chache, pumzika, piga tena. Mpira ulikuwa mtupu, mpe nafasi. Injini ikiwaka, rudi nyuma utazame kwa tochi mzunguko mzima wa pete na kiungio cha mpira, upitishe kidole kikavu, unuse. Iache iungurume dakika 10, utazame tena. Tone moja linatosha kukufanya uzime na ufungue upya, hata kama jua limeshazama na washauri wote wamekwenda kula. Chini ya kiti hicho watakaa watoto.

Kukiwa kukavu, finyanga gundi, bandika kifuniko pande zote ili mvuke usiingie ndani ya gari, laza zulia, toa vishikizo vya mikanda juu kabla ya kukigonga kiti mahali pake. Harufu itabaki siku moja au mbili. Ikizidi hapo, au ikiongezeka kila unapojaza tangi, inua kiti tena.

Petroli ya kwenye karai niliichuja kwa kitambaa nikairudisha. Pampu ya zamani ami aliianika darini siku tatu, kisha akaipasua kwa msumeno wa mkono. Wajukuu wake walikuwa wamemzunguka. Akawaonyesha smaku mbili, akawaonyesha waya za shaba zilizofumwa kama ukili, halafu akamimina kitu kwenye kiganja cha mdogo wao: brashi mbili za kaboni, moja imebaki nusu, ya pili imelika mpaka ikawa ndogo kuliko punje ya mtama.

"Mshike vizuri asipotee," alimwambia. "Huyu ndiye aliyeisimamisha feri."